Voi si ya kupitia tu: Likizo ya masika katika milima ya Taita

Msomaji mpenzi, kama umewahi kusafiri kwa basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, huenda umefika Voi bila kuijua. Umeshuka pale saa nane za usiku, macho yamejaa usingizi, ukanyoosha miguu, ukanunua chai na mahamri mawili, ukajiuliza ni vipi joto limekuwa jingi ghafla, kisha kondakta akaupiga ubavu wa basi makofi mawili na safari ikaendelea. Kesho yake mtu akikuuliza kuhusu Voi, huna la kumwambia ila kwamba kuna vumbi.

Mimi nimeipita Voi namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Aprili iliyopita, watoto wakiwa wamefunga shule, nilikuwa tayari kuipita tena, maana nilikuwa nimewaahidi bahari. Lakini mfuko ulipohesabiwa ukakataa katakata. Karo ya muhula wa pili ilikuwa mlangoni, na safari ya pwani ya watu wanne ingetufanya turudi nyumbani kula sukuma wiki kavu hadi Juni. Mke wangu, ambaye huniacha nimalize kupiga mahesabu yangu kabla ya kusema neno, akauliza: "Kwani ni lazima tufike mwisho wa reli? Si tushuke katikati?"

Ndivyo tulivyoshuka Voi, tukapanda milima ya Taita hadi Wundanyi, na kukaa huko wakati mvua inanyesha na wageni wote wamekimbia. Nakuandikia haya kwa sababu najua wako wengi wenye mahesabu kama yangu.

Kwanza nikueleze jambo hili la msimu. Utalii wa nchi yetu huifuata mvua kama mkulima anavyoifuata, ila kwa kinyume. Kuanzia Julai hadi Oktoba, na tena Disemba hadi Machi, wageni wa ng'ambo humiminika na bei hupanda. Ifikapo Aprili, mawingu yakitanda, wao huondoka kama mbayuwayu, na mpaka Juni hoteli nyingi za mbugani na pwani hubaki na vyumba vitupu. Kule Ugiriki mambo ni yayo hayo, ila miezi ndiyo tofauti. Visiwa vyao hujaa pomoni Julai na Agosti, kisha baridi ikiingia feri hupungua, mikahawa hufunga milango, na wapo wasafiri wajanja wanaongoja wakati huo hasa, wakae na wazee wa kijijini wanywe kahawa polepole. Kwao watu hukimbia baridi, kwetu hukimbia matope. Ikiwa matope hayakutishi, basi Aprili ni yako.

Panda gari moshi la asubuhi la Madaraka Express, lile linalosimama vituo vya katikati. Huondoka Nairobi saa mbili, na ni vyema ukate tiketi mapema, kwani likizo za shule hujaza mabehewa hata mvua ikinyesha. Kaa dirishani. Baada ya Mtito Andei reli hupita kando ya mbuga za Tsavo juu ya tuta refu, na chini ya tuta hilo pameachwa mapito makubwa ili ndovu wavuke. Wanangu waliwaona saba, rangi ya matofali mabichi, wamesimama kwenye dimbwi kana kwamba wanangoja gari. Rangi hiyo si yao. Ni udongo mwekundu wa Tsavo ambao hujirushia mwilini kama poda. Mwanangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa miaka kumi, alitangaza jambo hilo kwa behewa zima.

Voi ni mji wa joto, hilo sitalificha. Husimuliwa kwamba jina lake lilitokana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba wa karne ya 19, ambaye misafara yake ilikuwa ikipiga kambi karibu na mto. Reli ya Waingereza ilipofika mwishoni mwa karne hiyo, mji ukaota kandokando yake. Usiku wa kwanza tulilala kwenye lojingi moja ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa na pangaboi lililolia kama cherehani na mfereji uliotoa upepo mtupu. Uliza maji kabla ya kulipa. Wenyeji watakueleza, kwa uchungu wenye haki, kwamba bomba linalochukua maji ya chemchemi za Mzima na kuyafikisha Mombasa hupita papo hapo jirani.

Asubuhi, kabla jua halijakasirika, tembea hadi kwenye makaburi ya vita. Wengi wetu tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kama jambo la Ulaya. Lakini mnamo Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Waingereza wakajenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupeleka askari na, la muhimu kuliko yote katika nyika ile kavu, maji. Tarehe 12 Februari 1916 walijaribu kukiteka kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata ndipo walipoirejesha Taveta.

Mawe ya kaburini yamepangwa sawasawa, nyasi zimekatwa, majina yamechongwa. Mwanangu aliyasoma moja baada ya jingine kwa sauti, halafu akaniuliza, "Na wale wetu, baba?" Alikuwa amesikia shuleni habari za wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi kichwani, ambao wametuachia jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu. Karibu wote hawakuwekewa kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi na watu wengine wa makoloni hawakukumbukwa sawa na wenzao. Nilimweleza hivyo. Alinyamaza, na mtoto huyu si mwepesi wa kunyamaza.

Sasa, je, uingie mbugani? Lango la Tsavo Mashariki liko kilomita chache tu kutoka mjini, na sisi tuliingia. Lipa kupitia eCitizen kabla ya kufika, maana langoni hawapokei pesa taslimu, na ubebe vitambulisho ili utozwe bei ya mwananchi. Lakini nisikudanganye: wakati wa mvua si wakati wa kuhesabu wanyama. Nyasi zimekuwa ndefu, maji yako kila mahali, na mnyama hana sababu ya kuja kusimama kwenye bwawa la Aruba ili umpige picha. Simba tuliambiwa wapo. Gari letu la kukodi lilizama kwenye matope hadi ekseli, na saa moja nzima tulikaa ndani, dereva akituapia kwamba hakuna haja ya kuogopa huku yeye mwenyewe hataki kushuka.

Na bado ningeenda tena. Mbuga hii ilitengwa mwaka 1948, na watu wengi wameiona kwenye picha ikiwa kame, miti imekauka kama mifupa. Ione Aprili. Mibuyu ina majani, maua meupe ya porini yametapakaa kandokando ya njia, vipepeo wanainuka mbele ya gari kama karatasi zilizopeperushwa. Tulikutana na gari moja tu siku nzima, nalo ndilo lililotuvuta.

Siku ya tatu tukapanda matatu ya Wundanyi.

Njia yapita Mwatate, makao makuu ya kaunti, ikikata mashamba ya mkonge yaliyonyooshwa kwa mistari hadi macho yachoke. Kisha bila kukuandaa inaanza kupanda. Kona baada ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu, na dereva anazungumza na abiria wa nyuma bila wasiwasi. Masikio yakaziba. Mke wangu akafunga dirisha. Abiria waliokuwa wakijipepea Voi wakaanza kutoa sweta mifukoni mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama watu wanaojua wanachofanya. Sisi sweta zetu zilikuwa chini kabisa ya sanduku, na sanduku lilikuwa juu ya paa.

Huko juu ni nchi nyingine. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, wakati mji wa Voi uko chini ya mita 700 tu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupita nyika yote bila kuacha tone, ukafika kwenye milima hii ukainuka, ukapoa, ukageuka ukungu. Ndiyo maana bonde moja hapa lina mkonge na mbuyu, na kilomita chache juu yake pana kabichi, viazi, nyanya na mito inayoimba chini ya migomba. Mashamba yamekatwa kwa matuta kama ngazi. Mboga nyingi unazokuta sokoni Mombasa zimeteremka kwenye kona hizo hizo tulizopanda sisi tukishika viti.

Tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane, nje kidogo ya mji, kwa nusu ya bei anayotoza Disemba. Nyumba ni ya mawe, paa la mabati, jikoni kuna meko ya kuni, na mbele ya mlango kuna parachichi kubwa ambalo tunda lake likianguka usiku utadhani mtu amerusha jiwe. Usiku wa kwanza ilinyesha mvua ambayo sijapata kuisikia tangu utotoni. Juu ya mabati, mvua ya masika haikuachi uzungumze. Stima ikapotea. Kisha mtandao wa simu ukapotea. Binti yangu, ambaye yuko sekondari, alizunguka nyumba nzima akiinua simu juu kama mtu anayetafuta mbalamwezi.

Siku mbili za mwanzo watoto walinuna, na mimi, nikikuambia kweli, nilinuna nao. Hapakuwa na kitu cha kufanya. Ukungu ulijaa bondeni asubuhi na haukuondoka mpaka saa sita. Ukiondoka mvua ilikuja kushika zamu. Nililala mchana, jambo ambalo sijalifanya kwa miaka. Nikalala tena. Mke wangu alikaa jikoni na mwenye nyumba akifundishwa kupika kimanga, yaani ndizi au mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, na sauti za kicheko chao zilinifikia kitandani. Nikagundua kwamba nilikuwa sijamsikia mke wangu akicheka hivyo tangu mwaka uanze. Kule jijini tunaonana usiku, tumechoka, tunazungumza juu ya maji, kodi na nani atalipa nini.

Kisha ikafika siku ya tatu pale mlimani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama yule hakuwa mtu wa kuuacha msemo upotee. Baada ya chai alituwekea majembe manne ukutani. "Mvua imekatika kidogo," alisema. "Mahindi yangu yamezidiwa na magugu, na nyinyi mmeshiba." Alimwambia binti yangu, "Nawe mjukuu wangu, hiyo simu iache ilale, imechoka." Tulipalilia mpaka saa saba. Mikono yangu ya ofisini ilipata malengelenge matatu ambayo niliyaonyesha kazini kwa fahari wiki nzima. Mwanangu aligundua kwamba akitangulia mstari mmoja mbele ya nyanya, nyanya atamsifu, na kuanzia hapo hakushikika.

Huko shambani ndiko tulikomjua mwana wa mwenye nyumba, kijana wa miaka kama ishirini na sita hivi, mwenye kupalilia kwa kasi ya mtu anayewaza jambo jingine. Binti yangu anataka kusomea utalii akimaliza shule. Ana vipeperushi vya vyuo vitatu chumbani mwake. Alipojua kwamba kijana huyu ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya kitalii huko chini nyikani, akaanza kumwuliza maswali. Kazi ikoje? Wageni wanatoka wapi? Kijana akajibu vizuri. Kisha binti akauliza, "Kumbe sasa uko likizo kama sisi?"

Kijana alicheka, akaniangalia mimi kabla ya kumjibu, kama kuomba ruhusa. "Mzee, nyinyi mnaita likizo," akasema. "Sisi kazini tunaita lo sizoni."

Akatueleza. Kila mwaka vyumba vikianza kubaki vitupu, wafanyakazi wasio wa kudumu huambiwa warudi nyumbani na kungoja simu. Mshahara husimama siku ile ile. Mwaka mwingine simu hulia Juni, mwaka mwingine Julai katikati. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, simu haikulia hata kidogo. Ana mtoto mmoja. Miezi hiyo hula mahindi ya mama yake, akamsaidia kulima, na kuongoza mgeni yeyote atakayepita akitaka kuuona msitu. "Bei ambayo nyinyi mmeipata nafuu," akaniambia, bila ubaya wowote, "ni kwa sababu hiyo hiyo mimi niko hapa nimeshika jembe."

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejisifu kwa wiki nzima kwa kupata vyumba kwa nusu ya bei.

Kesho yake alitupeleka Ngangao. Tulimlipa kile alichotaja, na mke wangu akaongeza. Twende naye pole pole hapa, kwa sababu msitu huu unastahili.

Milima ya Taita ni pete ya kwanza ya mkufu mrefu wa milima ya kale unaoteremka Tanzania, kupitia Upare na Usambara hadi Udzungwa. Nchini Kenya tuna pete hii moja tu. Misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, imezungukwa na nyika kavu kama kisiwa na bahari, mpaka ikapata viumbe wake isiyoshirikiana na mtu. Msitu mwingi umekatwa kwa karne nyingi za kulima na kupanda misonobari na mikaratusi; kilichobaki ni vipande vidogo juu ya vilele: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine. Yako pia maeneo yaliyoitwa fighi, misitu mitakatifu ambayo wazee wa Kitaita waliilinda kwa mila, mtu asikate hata fimbo. Na kwenye mapango ya miamba yaliwekwa mafuvu ya wazee waliotangulia, yakitazama bonde. Ukiyaona usiguse wala usipige picha bila ruhusa. Yana wenyewe.

Ndani ya Ngangao mvua haikunyeshei moja kwa moja. Inaanguka kwanza kwenye majani ya juu, ikapumzika, kisha inakushukia kwa matone makubwa ya polepole. Ukungu unapita kati ya vigogo. Kijana wetu alitembea mbele, mara akasimama na kuinua kidole. Palikuwa na sauti ya ndege, fupi. Tukangoja. Mwanangu, yule wa kutangaza mambo kwa behewa zima, alisimama kimya dakika kumi kamili. Akatokea ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa akichakura majani yaliyooza kama kuku. "Huyu ulimwenguni kote," akanong'ona kijana, "yuko kwenye milima hii tu." Yuko mwingine mdogo zaidi, wa kijivu, ambaye wanasayansi huita Taita apalis. Huyo wamebaki wachache mno na hatukujaliwa kumwona. Kijana alijifunza majina yao kwenye kitabu kilichosahauliwa na mgeni hotelini, akaendelea kujifunza kwa kutembea na watafiti. Maana watu wa mbali wameijua thamani ya milima hii: tangu mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Helsinki cha nchi ya Finland kina kituo chake cha utafiti hapo Wundanyi.

Kule Mbololo huota ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye unyevu. Ndugu zake wa Usambara walichukuliwa na Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, mwaka 1892 wakapelekwa Ulaya. Leo ua la jamii hiyo limejaa kwenye vyungu vya madirisha ya London na Chicago, na wanaolimwagilia maji wengi wao hawajawahi kusikia jina la Taita.

Wakati wa kurudi tulipumzika juu ya jabali, ukungu ukafunguka ghafla, na nyika yote ikawa chini yetu mpaka mwisho wa macho. Kijana akanyoosha mkono. Pale, upande wa Mwatate, mama yake ana shamba la pili. Familia nyingi za Taita zina shamba la juu na shamba la chini, desturi ya zamani, ili jua likiunguza la chini, ukungu uokoe la juu. Lakini asilimia kama 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ndovu hajui ua. Hesabu iliyofanywa mwaka 2017 katika Tsavo na Mkomazi ya Tanzania ilipata ndovu zaidi ya 12,800, ambayo ni habari njema sana baada ya miaka ya majangili. Kwa mwenye shamba la mahindi ni habari ya aina nyingine. Hulala kwenye kibanda na tochi na debe la kupiga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai fidia, na wenye madai watakuambia wenyewe wamengoja muda gani. "Hotelini nawabebea wageni chai wawatazame ndovu," alisema yule kijana. "Hapo chini nawafukuza ndovu hao hao."

Binti yangu hakusema neno njiani. Usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, nilimkuta na kijana yule mezani. Alikuwa amechukua daftari anaandika: chuo gani kina maana na kipi hakina, kazi gani hotelini huajiriwa moja kwa moja na zipi ni za msimu, mwongoza wageni mwenye cheti hulipwa vipi. Kijana alijibu kila swali. Kwa maoni yangu nusu saa ile ilizidi vile vipeperushi vitatu.

Ukiwa na siku mbili zaidi, teremka hadi Taveta. Barabara sasa ni ya lami. Utakuta soko la ndizi ambalo hujapata kuona, ziwa Jipe, na ziwa Chala lililokaa ndani ya kreta papo mpakani, la buluu kiasi cha kutia shaka. Litazame kutoka juu, usiogelee, pana mamba. Sisi siku hazikutosha, kwa hiyo hayo ni ya safari nyingine niliyoifanya zamani kwa kazi.

Kwa atakayekwenda Aprili: sweta iwe juu ya sanduku, si chini. Viatu vya mpira, tochi, na neti au dawa ya mbu kwa usiku wa Voi. Pesa kidogo mkononi kwa siku ambazo mtandao umelala na M-Pesa imelala nao. Na bei ukiipata nafuu, usiikate tena. Mimi nilikuwa nimejaribu, siku ya kwanza, na mama alinitazama tu.

Asubuhi ya kuondoka alitufungashia maparachichi kumi na mbili na mkungu wa ndizi ambao mimi niliubeba begani hadi kwenye matatu. Alikataa pesa ya ndizi. Alimshika mwanangu kichwa akamwambia shamba linamngoja. Kule stesheni ya Voi joto lilitupokea kama mtu aliyekasirishwa na kutokuwapo kwetu, simu zote nne zikaanza kulia kwa pamoja, na ajabu ni kwamba hakuna aliyezikimbilia.

Katikati ya Julai nilipata ujumbe kutoka kwa yule kijana. Wamemwita kazini. Mahindi ya juu yalikuwa mazuri. Ya chini wamevuna magunia mawili, mengine walivuna ndovu. Binti aendelee na masomo. Na mama anauliza, huyo mkulima wake mdogo atakuja Aprili, au ampe mtu mwingine lile jembe?